Kinyongo cha Arlene Sobotka

Kufikia saa nne asubuhi, Jaji Lindgren alikuwa amekwisha kusikiliza udhuru wa ng'ombe watatu wanaokaribia kuzaa, goti moja bovu, tiketi moja ya ndege ya kwenda Arizona, na mzee mmoja aliyedai hasikii kabisa. Huyo wa mwisho jaji alimuuliza kwa sauti ya chini mno, karibu ya kunong'ona, kama angependa kurudi nyumbani. "Sana, Mheshimiwa!" mzee akajibu upesi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akabaki kwenye orodha, yeye na masikio yake.

Twyla Beranek alicheka pamoja nao, kisha akalirudia daftari lake. Alikuwa ameketi nyuma tu ya meza ya utetezi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa askari wa sherifu. Sasa alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwachunguza watu arobaini na wanane wa Kaunti ya Harlow, walioitwa ili wapatikane kumi na wawili wa kuketi kwenye juri, lile jopo la raia linaloamua kama mshtakiwa ana hatia. Wakili aliyemwajiri, Gordon Holmquist, alijua vitabu vyote vya sheria lakini watu walimchanganya.

Mbele yake, kando ya wakili, alikaa Lyle Kucera katika suti ya kuazima iliyomfupia mikononi. Lyle alikuwa mkulima wa miaka sitini na moja, mjane, hana adui anayejulikana. Alishtakiwa kwamba alfajiri ya tarehe tisa Agosti aliiba mitamba kumi na miwili kutoka ranchi ya Willow Bend. Angeweza kufungwa hadi miaka ishirini, na kwa umri wake, piga hesabu mwenyewe. Alikuwa rumande tangu siku alipokamatwa.

Ushahidi ulikuwa mbaya. Meneja wa ranchi, Brent Sadler, kijana aliyehamia kutoka Dallas mwaka uliotangulia, aliapa kwamba saa kumi na moja unusu alfajiri aliiona pikapu ya Lyle ikitoka langoni ikivuta trela lililojaa mitamba. Pikapu ile huwezi kuichanganya na nyingine: kijani kibichi, mlango mmoja mweupe. Lyle alisema alikuwa kitandani na homa, peke yake, na ufunguo aliuacha ndani ya gari kama anavyofanya kila mtu kaunti nzima. Nani atathibitisha? Homa haisemi.

Twyla alikuwa amepoteza wiki tatu za Septemba akimfuatilia mpwa wa Lyle, jamaa mwenye rekodi chafu, hadi alipogundua kwamba usiku ule bwana huyo alikuwa kwenye harusi maili mia mbili kutoka pale, amelewa, na picha zipo. Baada ya hapo aliorodhesha kila mtu anayepita barabara ya Lyle asubuhi. Mleta gazeti, mleta posta, lori la maziwa, fundi wa umeme. Hao wote aliwahoji. Hakuna aliyeona kitu.

"Swali linalofuata," alisema Jaji Lindgren, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe na subira ya ajabu. "Nataka jibu la kweli, hata kama mnaona ni jambo dogo. Nani kati yenu amekuwa na shughuli yoyote na mshtakiwa mwaka huu?"

Merle Dvoracek, jitu la futi sita na nusu, akainua mkono taratibu.

"Nilivuna mahindi yake, Mheshimiwa."

"Mahindi ya nani?"

"Ya Lyle. Mwezi wa kumi. Mtu yuko ndani, mahindi yako shambani, theluji inakuja. Tungefanyaje?"

"Tungefanyaje, wewe na nani?"

Merle aligeuka nyuma akawatazama wenzake, kama mtoto asiyetaka kusemea. Mkono wa pili ukainuka. Wa tatu. Halafu ikawa mvua: mikono huku, mikono kule, mpaka mwendesha mashtaka, Denise Faltin, akaiweka kalamu yake mezani.

"Mimi nilileta kombaini ya kuvunia," alisema mmoja.

"Mimi niliendesha lori."

"Mimi nilipika supu ya nyama na maharage kwa ajili ya wavunaji, na mikate ya mdalasini. Je, hiyo nayo inahesabika?"

"Inahesabika, mama," alisema jaji. "Na wewe pale nyuma, bwana mwenye suspenda mabegani?"

"Nilivuna pia, Mheshimiwa. Lakini mimi naamini aliiba."

"Unaamini aliiba, na ukamvunia?"

"Mahindi hayakuiba kitu."

Hapo hata karani aliyekuwa akipiga taipu alisimama kidogo kufuta macho. Lyle Kucera hakucheka. Alikuwa ameambiwa tu kwamba mahindi yalivunwa. Hakuna aliyemwambia ni nani walioyavuna. Sasa aligeuza shingo akawatazama mmoja mmoja, midomo ikimtetemeka, na Twyla akalazimika kuangalia pembeni.

Thelathini na mmoja walikuwa wamevuna. Jaji aliwaruhusu wote waondoke kwenye orodha. Wakabaki kumi na saba, na ili kupata juri ilikuwa lazima kuchagua kwa uangalifu.

Miongoni mwa waliobaki alikuwepo Arlene Sobotka, namba kumi na nne, miaka sabini na moja, dereva wa basi la shule. Alivaa gauni jipya la bluu, na pochi aliishika magotini kwa mikono miwili. Marehemu mumewe aliitwa kwenye juri mara tatu maishani mwake, na kila mara alirudi nyumbani akijifanya waziri. Arlene hakuwahi kuitwa hata mara moja mpaka mwaka huu. Mji mzima ulijua jinsi alivyoisubiri siku hii.

Majibu yake yalikuwa safi. Hana undugu na mshtakiwa. Hajawahi kuibiwa. Hafanyi biashara ya ng'ombe. Hakuvuna mahindi. Denise Faltin alitikisa kichwa kwa kuridhika, Gordon Holmquist akamgeukia Twyla na kunong'ona, "Huyu tunamchukua."

"Ngoja," Twyla alinong'ona. "Mbona hakuvuna? Arlene hukosi kumkuta penye watu."

Jaji akauliza swali la mwisho, lile analomuuliza kila mmoja. "Bi Sobotka, kuna sababu yoyote, kubwa au ndogo, inayoweza kukuzuia kumtendea haki Bwana Kucera?"

Arlene alikitazama kiti cha juri kilichokuwa kitupu hatua tano mbele yake. Kukipata ilitosha kusema neno moja tu.

"Ipo," alisema.

"Sababu gani?"

"Nina kinyongo naye." Uso ulimwiva mwekundu. "Ndiyo maana sikwenda kuvuna. Nilikaa nyumbani, nikajidanganya kwamba naumwa mgongo. Siumwi mgongo, Mheshimiwa. Mgongo wangu mzima kabisa."

"Kinyongo cha nini?"

"Alininyima salamu."

Ukumbi ukaguna, na halikuwa guno la mzaha. Katika barabara za changarawe za kaunti ile magari mawili hayapishani bila vidole kuinuka kwenye usukani. Umjue mtu usimjue, umpende usimpende, unainua.

"Arlene!" Lyle alikuwa amekwisha kusimama. "Mimi? Mimi nikunyime wewe salamu?"

"Bwana Kucera, keti."

"Lakini Mheshimiwa, sijawahi..."

"Keti, tafadhali. Bi Sobotka, endelea."

"Nilikuwa kwenye basi. Nikamwinulia mkono, nikamwinulia mara ya pili. Akakaa hivi, kama mlango uliofungwa. Lyle huyu, aliyevunjika mkono mwaka ule akawa ananiinulia kiwiko chenye plasta! Nikajiuliza nimemkosea nini. Mpaka leo sijui. Basi siwezi kukaa pale nikasema sina neno naye, wakati ninalo."

Twyla alikuwa ameacha kuandika. Alichana karatasi, akaandika maneno mawili, akaisukuma mbele. Gordon aliisoma, akakunja uso, kisha akasimama.

"Kwa ruhusa ya mahakama. Bi Sobotka, hiyo ilikuwa lini?"

"Agosti. Shule ilikuwa bado haijafunguliwa. Kila mwaka kabla ya kufungua napitisha basi tupu njia nzima, nione lango gani limehamishwa na daraja gani limeoza."

"Siku gani?"

"Jumatano. Nakumbuka kwa sababu nilitoka huko moja kwa moja nikaenda kuoka kolachi, vile vikate vitamu vya sherehe ya Wacheki, na sherehe ilianza kesho yake."

Twyla hakuhitaji kalenda. Sherehe ya Wacheki ilianza Alhamisi tarehe kumi. Alihisi furaha na aibu kwa pamoja. Jina la Arlene lilikuwamo kwenye orodha yake ya watu wa barabara ile. Yeye mwenyewe, Twyla, alilikata kwa mstari mwezi wa tisa, na pembeni akaandika: *shule imefungwa.*

Jaji Lindgren aliinua nyundo yake. "Bi Sobotka, nakushukuru kwa ukweli wako. Umeondolewa kwenye orodha. Mahakama inapumzika hadi saa nane."

Arlene alitoka amebeba pochi yake na kichwa chake juu, lakini machozi yalikuwa karibu. Twyla alimdaka mlangoni, akamwingiza kwenye chumba kidogo cha mawakili, akamkalisha, akamwekea kahawa.

"Mama Arlene, wewe ulikuwa wapi hasa alipokupita?"

"Hakunipita. Alisimama."

"Alisimama?"

"Alilazimika. Nilikuwa mbele ya lango la kina Novak, nimekifungua kile kibao chekundu cha ubavuni na taa zinawaka. Kibao kikiwa wazi gari haliruhusiwi kupita, awe rais awe nani."

"Basi tupu, barabara tupu, ukafungua kibao?"

"Mazoezi ni mazoezi, Twyla. Nafungua kila lango kama vile watoto wapo."

"Saa ngapi?"

"Saa moja kasoro kidogo. Jua lilikuwa limetoka."

"Pikapu ilivuta trela?"

"La. Peke yake. Ilikuwa inaelekea kwake Lyle."

Gordon alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni. "Inaelekea kwake. Hilo linatuumiza, Twyla. Denise atasema amepeleka mitamba, sasa anarudi nyumbani kulala."

"Mama Arlene," Twyla alisema, "uliuona uso?"

"Kofia yake ile ya kijani niliiona. Uso ulikuwa kivulini, na baada ya ile salamu ya pili nikamgeuzia kisogo. Kofia ya Lyle, gari la Lyle, ningemdhania nani?"

"Gordon, fikiri," Twyla alisema akisimama. "Tuseme wewe ni mwizi. Umevaa kofia ya mtu, unaendesha gari la mtu, unataka kila anayekuona aseme huyo ni Lyle. Basi la shule limekusimamisha na dereva anakuinulia mkono. Utafanya nini?"

"Nitamwinulia."

"Kila mtu wa hapa angemwinulia! Mkono unakwenda wenyewe, huuwazi. Yule hakuinua kwa sababu hakujua kwamba inapasa. Huyo si mtu wa hapa."

Gordon alivuta pumzi. "Nakubali. Ila siwezi kumwambia jaji amwachilie mteja wangu kwa ajili ya kidole ambacho hakikuinuka."

"Hapana." Twyla alimgeukia Arlene tena, na sasa aliuliza polepole kama mtu anayekanyaga barafu. "Mama, basi lako lina kamera?"

"Ile ya kuwanasa wanaopita kibao? Inayo. Kibao kikifunguka, nayo inaanza. Lakini haina kazi hiyo, hakuna aliyewahi kuitazama. Hakuna mtu anayenipita mimi."

"Na picha zinakaa muda gani?"

"Wiki mbili, tatu, kisha mpya zinafuta za zamani."

Gordon akashusha mabega. Miezi minne ilikuwa imepita.

"Kama basi linatembea," Arlene akaongeza, akinywa kahawa. "Langu halitembei. Namba saba ilikufa giaboksi wiki ileile, siku mbili kabla ya kufungua shule. Wanasubiri kipuri mpaka leo. Naendesha la kuazima, na breki zake afadhali usiulize."

Twyla alimkumbatia bikizee wa watu mpaka kahawa ikamwagika.

Hakulikimbilia basi, ingawa miguu ilimtaka akimbie. Alijua kwamba ushahidi ukiguswa na mkono wa utetezi peke yake, Denise Faltin angeuchanachana. Alikwenda kumgongea mwendesha mashtaka mwenyewe, aliyekuwa akila mkate wa siagi ya karanga juu ya mafaili. Akamweleza kwa sentensi nne. Denise alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa hila. Akafuta mikono, akampigia sherifu simu.

Saa sita na nusu walikuwa watano ndani ya gereji ya mabasi ya shule: Denise, sherifu, Gordon, Twyla na fundi wa kamera. Namba saba ilikuwa kwenye kona, imefunikwa vumbi, paka amelala juu ya boneti.

"Hakuna wa kugusa," alisema Twyla. "Sherifu, andika saa. Andika kwamba sanduku la kamera lina kufuli na kufuli ni zima."

"Nakumbuka namna ya kufanya kazi, Twyla. Ni wewe uliyenifundisha."

Sherifu akapiga picha kufuli, fundi akafungua, akaunganisha kompyuta. Orodha ya tarehe ikatokea. Ya mwisho kabisa ilikuwa tarehe kumi na mbili Agosti. Fundi alipanda nayo juu: kumi na moja, kumi, tisa. Twyla alikuwa amejishika mkono wake mwenyewe.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja asubuhi. Kibao chekundu kikafunguka pembeni mwa picha. Pikapu ya kijani, mlango mmoja mweupe, ikaja mbio, ikafunga breki, ikasimama mkabala kabisa na kamera. Jua lilipiga kioo cha mbele, uso haukuonekana. Sekunde mbili. Tatu. Sekunde ya sita, dereva, amechoka kusubiri basi lisilo na mtoto hata mmoja, akashusha dirisha na kutoa kichwa nje ili aone kuna nini mbele. Alikuwa na kidevu cha mraba, na ndevu zilizochongwa kwa wembe kama mpaka wa shamba.

Denise Faltin aliinama karibu na kioo cha kompyuta, kisha akanyooka.

"Huyo," alisema, "ni shahidi wangu wa kwanza."

"Aliyeapa kwamba asubuhi ile hakutoka ranchi mpaka mchana," alisema Gordon.

"Nimeshaliona, Gordon. Usinifurahie usoni."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameanza kutabasamu.

Brent Sadler walimkuta kwenye benchi la korido ya mahakama, akisubiri kuitwa, mguu juu ya mguu. Sherifu alimwonyesha picha moja tu. Sadler alisema ile si picha yake. Halafu akasema ni yake, ila Lyle alimwazima gari. Halafu akasema anataka wakili. Ilimchukua chini ya dakika moja kusema yote matatu, na mzee asiyesikia, aliyekaa benchi la jirani, aliyasikia yote na kuyarudia kwa usahihi kwa kila aliyepita.

Saa nane kamili Denise Faltin alisimama mbele ya jaji, akafunga vifungo vya koti. "Mheshimiwa, serikali inaondoa mashtaka yote dhidi ya Lyle Kucera. Na serikali inamwomba radhi."

Hakuna aliyekuwa amekwenda nyumbani. Wale thelathini na mmoja walioondolewa walikuwa wamejazana nyuma, na makofi waliyopiga yalitikisa madirisha. Jaji Lindgren aligonga nyundo mara mbili, akaona ni kazi bure, akaiacha. Merle Dvoracek alikuwa akilia waziwazi. Bwana mwenye suspenda alipaza sauti, "Lyle, nilikosea!" na Lyle akamjibu, "Najua, Frank!"

Arlene alisogea mbele kwa aibu, pochi kifuani. "Miezi minne nimekununia mtu ambaye hata hukuwepo, Lyle. Mahindi yako sikuyavuna."

"Mwakani nitalima tena."

"Nitakuja na kolachi."

"Uje na ile ya mbegu za mpopi," alisema Lyle, akamkumbatia.

Watu walipoanza kutoka, Gordon Holmquist alimpigapiga Twyla begani mbele ya mteja wao. "Mshukuru huyu, Lyle. Ni yeye aliyemnusa Arlene. Mwingine yeyote angemwacha aende zake."

Lyle alimshika Twyla mkono kwa mikono yake miwili yenye sugu. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Gordon hakujua. Arlene hakujua. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, limefungwa.

"Lyle," Twyla alisema. "Jina lake nilikuwa nalo mwezi wa tisa. Nililikata. Niliona shule imefungwa, nikasema dereva wa basi wa nini, na sikumpigia hata simu. Ningempigia, ungetoka zamani."

Tabasamu la Gordon lilififia. Lyle hakuuachia mkono.

"Mwezi wa tisa," alisema.

"Tarehe ishirini na mbili."

"Hiyo ni miezi mitatu, Twyla."

"Bado siku kumi na nane. Nimehesabu."

Nje ya dirisha theluji nyepesi ilikuwa imeanza kuanguka juu ya magari. Kisha mikunjo ya macho ya Lyle ikajikusanya, na kitu kama kicheko kikapanda kutoka mbali.

"Una gari hapa?"

"Ninalo."

"Heta yake inafanya kazi?"

"Vizuri kabisa."

"Basi utaizima. Utanipeleka nyumbani wewe mwenyewe, njia ndefu, ile ya mtoni, na madirisha yote manne utayashusha mpaka chini. Miezi minne sijapigwa na upepo. Ukitetemeka, tetemeka, sitaki kusikia neno."

"Na tukifika?"

"Tukifika," alisema Lyle, akivaa kofia, "tutageuza, twende tena."